Mchezaji wa Homa Bay Aambiwe Anapambana na Nani

Shaka waliyo nayo vijana wanaocheza gemu za mtandaoni huko Migori, Rongo, Mbita na Homa Bay si ya kupuuzwa. Mchezaji huingia kwenye pambano la watu 100 la gemu ya PUBG, akakutana na adui anayekimbia moja kwa moja bila kujificha, anayesimama peupe na kupiga risasi ovyo, akajiuliza kama upande wa pili yuko mtu au ni roboti, yaani programu iliyopachikwa jina la mtu. Huenda ni roboti kweli, tena iliyowekwa na wenye mchezo wenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya Epic Games ilitangaza kwamba gemu yake ya Fortnite itachanganya roboti na watu. Mwaka 2020 watengenezaji wa PUBG wakafuata kwenye toleo la kompyuta, wakieleza kuwa wachezaji wapya walikuwa wakiuawa mapema mno. Ipo pia sababu ya biashara: pambano linahitaji kujaa, na mteja anayengoja sana hufunga simu akaondoka. Hapa sizungumzii wadanganyifu wanaotumia programu ili wasikose shabaha. Hao kampuni huwafukuza, ilhali roboti hizi ni za kampuni yenyewe.

Hata hivyo, jicho la mchezaji ni shahidi dhaifu. Mwaka 2012, katika shindano la BotPrize lililochezwa kwa gemu ya Unreal Tournament 2004, waamuzi walipigana na watu na programu bila kujua nani ni nani. Programu mbili zilizoongoza zilidhaniwa kuwa binadamu kwa asilimia 52, na binadamu halisi wakapata wastani wa takriban asilimia 40 tu. Kwa mchezaji wa kando ya Ziwa Victoria ugumu huzidi, kwa sababu ya umbali. Seva ya mchezo ikiwa Ulaya, kila amri ya kidole hupita nchi kavu hadi Mombasa, kisha chini ya bahari kwa kebo. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 10,000 kwenda na kurudi hula milisekunde 100 hata kama mtandao hauna hitilafu yoyote. Kebo za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mtandao ukikwama, mtu mwenye nyama na damu huonekana akiganda, akiruka kutoka hapa hadi pale, akipiga ukuta risasi. Kwa mpinzani wake, huyo ni roboti. Ndiyo maana kijana wa Awendo anaweza kushuku roboti na yeye mwenyewe akashukiwa kuwa roboti katika pambano lilelile.

Anayejua ukweli bila kubahatisha ni kampuni, na kwa hiyo jukumu la kusema ni lake. Watetezi wa kampuni hudai kwamba roboti ikitajwa, raha huisha na mgeni hukata tamaa. Lakini Lichess, tovuti ya sataranji isiyotoza ada, huweka alama kwenye jina la kila programu, na watu wanazichezea kwa hiari yao. Mgeni anayehitaji mpinzani mwepesi atafaidika zaidi akijua ni mazoezi, kuliko kuamini ameshinda watu kisha akaaibika kwenye mashindano ya kweli. Wengine husema mchezo ni wa bure, basi mchezaji analalamikia nini? Bando si la bure, wala muda, wala mavazi na silaha anazouziwa ndani ya mchezo baada ya kunogewa na ushindi. Jimbo la California lina sheria, iliyoanza kutumika Julai 2019, inayokataza kumfanya mtu aamini roboti ni binadamu kwa nia ya kumuuzia kitu. Haikutungwa kwa ajili ya gemu, ila kanuni yake inahusu hasa jambo hili.

Nasi hatuna haja ya kuazima kila kitu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sioni habari ya msingi zaidi katika mchezo wa ushindani kuliko kujua kama mshindani ni mtu. Wazee wanaocheza ajua, yaani bao, huketi wakitazamana; kijana aliye kwenye simu hana nafasi hiyo, hivyo alama ndogo kando ya jina ndiyo kinga yake pekee. Wawakilishi wa Migori na Homa Bay bungeni walibebe jambo hili, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iwatake wenye michezo waitangaze kila roboti kabla ya pambano au, angalau, mara linapomalizika. Nawe mchezaji, kabla ya kumtukana mpinzani aliyeganda, angalia kwanza hali ya mtandao wako, kisha iandikie kampuni uidai alama hiyo.