Je, Wajua? Mbolea Iliyofungwa Ndani ya Vilima vya Sukulu

Je, wajua kwamba vilima vya Sukulu, kilomita chache kutoka mji wa Tororo, Uganda, vinakadiriwa kuwa na tani milioni 230 za udongo wenye fosfeti? Ni mabaki ya volkano ya kale. Kwa mamilioni ya miaka mvua iliiyeyusha chokaa na kuyaacha madini sugu: chuma, niobiamu inayoimarisha feleji, na apatiti, ambayo ndiyo yenye fosfeti.

Lakini kilichoishinda mvua huushinda pia mzizi wa mhindi. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, imetokana na mabaki ya ndege wa kale, na ikisagwa hufaa kutiwa moja kwa moja kwenye udongo wenye asidi kama wa Kenya magharibi. Ile ya Sukulu ni ngumu, sharti ivunjwe kwanza kwa asidi ya salfuri. Mwingereza John Bennet Lawes alipata hataza ya mbinu hiyo mwaka 1842, naye alianza na mifupa.

Kwa hiyo utajiri wa Tororo ni suala la kiwanda zaidi ya mlima. Na viwanda vilijaribiwa mapema. Kuanzia miaka ya 1940, mawe ya Busumbu, upande wa Mlima Elgon, yalichimbwa na kuvushwa hadi Turbo, Kenya, yakachomwa pamoja na magadi ya Ziwa Magadi ili kupata mbolea. Jiwe la Uganda, magadi ya Kenya, tanuri kando ya reli: huo ulikuwa ushirikiano wa kweli, miongo kadhaa kabla ya vituo vya pamoja vya mpakani.

  

Tororo yenyewe ilipata kampuni yake: Tororo Industrial Chemicals and Fertilizers, yaani TICAF, chini ya Shirika la Maendeleo la Uganda lililoundwa 1952. Tangu 1963 ilichimba Sukulu na kutengeneza superfosfeti, yaani mbolea ya fosfeti iliyovunjwa kwa asidi, hadi tani 25,000 kwa mwaka. Ikafungwa 1978. Miaka sita kabla yake Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na reli yake ikagawanywa. Kiwanda cha asidi hakiwezi kuishi kwa udongo mtupu. Kinahitaji vipuri, mafundi, mabehewa na wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka. Naiona hasara hiyo kuwa kubwa mno, kwa sababu mashamba ya Busia, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, yana kiu ya fosforasi hadi leo.

Ilichukua miaka 40 mlango kufunguliwa tena. Oktoba 2018 Rais Museveni alizindua huko Sukulu kiwanda cha mbolea cha kampuni ya Kichina, Guangzhou Dongsong, katika mradi uliotangazwa kuwa wa dola milioni 620, wenye mipango ya chuma na vioo pia.

Na je, wajua kwamba fosfeti hiyohiyo inayotamaniwa na mkulima ni adui wa mtengeneza saruji? Ikizidi katika chokaa, saruji huchelewa kushika na hupungua nguvu. Mwamba wa Tororo, ambao chokaa yake imelisha kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, una tatizo hilo. Siku hizi malori ya Tororo Cement hubeba marumaru kutoka Moroto, Karamoja, mamia ya kilomita kaskazini.