Bwawa linalopaswa kuwa tupu

Mvua zilizoukumba mji wa Dar es Salaam mwezi Desemba 2011 ziliua watu wasiopungua 40 na kuwaacha maelfu bila makazi, wengi wao wakiwa wakazi wa bonde la mto Msimbazi. Baadhi ya walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, nje ya mji.

Tangu hapo, kila Jangwani inapofurika, lawama huwaangukia waliojenga bondeni. Hata karakana ya mabasi ya mwendo kasi, iliyojengwa hapo hapo Jangwani, imefunikwa na maji zaidi ya mara moja.

Lakini maji yanayofika Jangwani hayaanzii Jangwani. Msimbazi hutiririka kutoka upande wa vilima vya Pugu, na kila shamba linalogeuzwa mtaa wa nyumba huko juu huongeza mzigo wa walio chini. Namna mojawapo ya kuupunguza mzigo huo ni kuchimba, ndani ya eneo linalojengwa, bwawa la kuyashikilia maji ya mvua kwa muda na kuyaachia polepole.

Wasomaji wanaoishi Marekani huyaona mabwawa hayo karibu kila siku, kando ya maduka makubwa na mitaa mipya, na wengi hudhani ni mapambo. Nchini Uingereza, mafuriko ya mwaka 2007 yalichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2010 kuhusu mafuriko na usimamizi wa maji.

Hesabu ya hekta 10

Chukua mfano wa shamba la hekta 10 lenye nyasi na vichaka, na mvua ya milimita 60 inayonyesha kwa saa moja. Mvua hiyo ni mita za ujazo 6,000 za maji.

Kabla ya ujenzi, ardhi ya namna hiyo yaweza kuachia kama robo tu, yaani mita za ujazo 1,500. Sehemu kubwa ya yaliyobaki hunywewa na udongo. Yakiisha kujengwa mapaa ya bati, barabara za lami na nyua za zege, kiasi kinachotiririka hufikia asilimia 70, ambacho ni mita za ujazo 4,200.

Wahandisi hutumia kanuni rahisi, inayojulikana tangu karne ya 19, ya kuzidisha ukubwa wa eneo, ukali wa mvua na sehemu ya maji isiyonywewa. Kwa kanuni hiyo, mtiririko katika mfano huu hupanda kutoka mita za ujazo 0.4 hadi karibu 1.2 kwa sekunde. Jirani wa chini, ambaye hakuhamisha hata tofali moja, anapokea maji karibu mara tatu ya aliyoyazoea.

Tofauti ya mita za ujazo 2,700 ndiyo makadirio ya kwanza ya ukubwa wa bwawa. Kwa kina cha mita moja na nusu, hiyo ni mita za mraba 1,800, chini ya asilimia 2 ya eneo lote. Kingo za mteremko huongeza ukubwa huo, lakini haligeuki kuwa ziwa.

Makadirio hayo hayatoshi kujengea. Ni lazima bwawa lijaribiwe katika hesabu kwa mvua fupi kali na kwa mvua ndefu ya wastani, kwa kuwa mara nyingi ile ndefu ndiyo inayolijaza.

Siri iko katika tundu

Wengi hudhani kazi ni kuchimba shimo. Kinachotawala ni tundu la kutolea maji.

Ili bwawa la mfano huu liachie mita za ujazo 0.4 kwa sekunde likiwa limejaa, bomba lake la kutokea linahitaji kipenyo cha takriban sentimita 42. Fundi akiweka kalvati la sentimita 90 kwa sababu ndilo lililokuwapo, kalvati hilo laweza kupitisha zaidi ya mita za ujazo 1.7 kwa sekunde. Hayo ni mengi kuliko maji yanayoingia. Bwawa halitajaa kamwe, na wakati huohuo halitamkinga mtu yeyote, ingawa mkaguzi atalikuta likiwa zuri na limepandwa nyasi.

Tundu moja pia halitoshi. Mvua ndogo hupita katika bomba la sentimita 42 bila kuzuiliwa, kwa hiyo michoro mizuri huwa na tundu dogo chini, jingine kubwa juu yake, na juu kabisa njia pana ya dharura iliyosakafiwa kwa mawe. Bila njia hiyo, maji yakipita juu ya tuta la udongo hulikata, na bwawa zima humwagika kwa mkupuo.

Njia ya dharura husanifiwa kwa mvua inayoitwa ya miaka 100. Jina hilo hupotosha, kwani halina maana kwamba mvua hiyo ikija leo haitarudi hadi karne ijayo. Maana yake ni kwamba kila mwaka ina uwezekano wa asilimia 1 wa kutokea au kuzidi. Katika miaka 30 uwezekano huo hufikia asilimia 26.

Mbu, mchanga na chupa

Bwawa la aina hii linapaswa kukauka ndani ya siku tatu hivi baada ya mvua. Sababu ya kwanza ni kwamba mvua ya pili yaweza kuwa njiani, na bwawa lililojaa halina msaada. Ya pili ni malaria: yai la mbu huhitaji kwa kawaida wiki moja au zaidi katika maji kabla ya kuwa mbu anayeruka.

Adui mwingine ni takataka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019, na Kenya mwaka 2017, lakini chupa chache tu zinatosha kuliziba tundu. Huwekwa wavu wa nondo mbele yake, ulioinama ili takataka zipande juu maji yanapopanda, na penye mchanga mwingi, kama vilima vya Dar es Salaam, huchimbwa kishimo cha kwanza cha kuudaka kabla haujaingia bwawani. Mtu wa kukizoa kishimo hicho kila msimu atajwe mapema, pamoja na atakayemlipa.

Hatari iliyo kubwa zaidi huja miaka kadhaa baadaye. Kwa kuwa bwawa huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka, machoni pa dalali ni kiwanja kitupu. Ndiyo maana eneo lake huhitaji kuoneshwa katika mchoro wa mipango miji kama ardhi isiyogawanywa, tena kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Mnunuzi aliye Muscat au Minneapolis, anayelipa kwa kutazama picha za simu, anaweza kuuomba mchoro huo na kuuliza kona ya chini kabisa ya eneo iko wapi, na imeandikwa jina la nani.