Kutoka Darasani Hadi Ofisi ya Elimu: Mwalimu Hujiandaaje Kusimamia Shule Nyingi?

Afisa anayesimamia elimu katika kaunti ndogo hana darasa wala zamu ya kufundisha. Hata hivyo, uamuzi anaoufanya asubuhi moja unaweza kuwagusa maelfu ya watoto. Wengi wa maafisa hawa walianza kazi wakiwa walimu wa kawaida. Je, mwalimu hodari huwa afisa hodari bila kufundishwa kazi hiyo mpya? La. Kufundisha watoto 40 ni kazi moja, na kusimamia shule 40 ni kazi nyingine. Makala haya yanaeleza kazi yenyewe, ofisi zinazoajiri, na mafunzo ambayo mwalimu anaweza kuyapata akiwa bado kazini.

Nani husimamia nini?

Wananchi wengi huchanganya ofisi tatu za elimu. Ya kwanza ni serikali ya kaunti. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea, vyuo anuwai vya vijiji na vituo vya malezi ya watoto. Maafisa wake huajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Ya pili ni Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliyoundwa chini ya Kifungu cha 237 cha Katiba. Hii ndiyo inayosajili walimu wote, na ndiyo inayoajiri, kuhamisha, kupandisha vyeo na kuwaadhibu walimu wa shule za umma za msingi na sekondari.

Ya tatu ni Wizara ya Elimu, ambayo hushughulikia sera, ubora wa masomo, usalama wa shule na fedha za wanafunzi. Maafisa wake wako chini ya Tume ya Utumishi wa Umma.

Ndiyo maana katika kaunti ndogo moja utawakuta wakurugenzi wawili, mmoja wa TSC na mwingine wa Wizara. Mwalimu anayetaka kupanda lazima aamue mapema anaelekea ofisi ipi, kwa kuwa mwajiri, vyeo na masharti ni tofauti.

Kazi mpya, ujuzi mpya

Chukua suala la fedha. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 300 hustahili shilingi 426,000. Shule 30 za ukubwa huo hustahili shilingi 12,780,000. Afisa asiyeweza kusoma vitabu vya hesabu na kulinganisha idadi ya wanafunzi walioandikishwa na walio darasani hatajua fedha hizo zinapotelea wapi.

Chukua pia usalama. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Msiba wa moto katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, ambapo wavulana 21 walifariki, uliwakumbusha Wakenya kwa nini vipimo hivyo viliwekwa. Afisa anayeingia bwenini lazima avijue, avipime, na awe na ujasiri wa kuandika ripoti hata kama mwalimu mkuu ni rafiki yake wa zamani.

La tatu ni watu. Ukiwa mwalimu, wenzako ni marafiki. Ukiwa afisa, unawapima kazi, unasikiliza mashtaka yao, na unasuluhisha mizozo kati yao na wazazi. Kuongoza watu wazima bila kuwatisha wala kuwapendelea ni jambo la kufundishwa na kufanyiwa mazoezi.

Mafunzo bila kuacha kazi

Taasisi ya Usimamizi wa Elimu nchini, KEMI, ilianzishwa mwaka 1981 ikijulikana kama KESI. Huwafundisha walimu wakuu, manaibu wao na maafisa wa elimu kuhusu fedha, sheria, ununuzi na uongozi. Wasiotaka kuacha shule wanaweza kutafuta vyuo vikuu vinavyofundisha shahada ya uzamili katika usimamizi wa elimu wakati wa likizo. Chuo Kikuu cha Kenyatta ni miongoni mwa vile vilivyowahi kuwa na utaratibu huo.

Kwa nafasi za juu katika kaunti na Wizara, matangazo ya kazi mara nyingi hudai kozi za Chuo cha Mafunzo ya Serikali, KSG: ile ya usimamizi ya wiki 4, au ile ya uongozi wa kimkakati ya wiki 6. Walimu wengi wenye shahada nzuri hukwama hapa kwa sababu hawakujua mapema.

Anza ulipo

Cheti peke yake hakitoshi. Mwalimu anaweza kujifunza kazi kabla ya cheo: aongoze idara, asimamie ratiba, aketi kwenye kamati ya ununuzi, au awe katibu wa mikutano. Upande wa TSC, hatua inayofuata inaweza kuwa kazi ya afisa wa usaidizi wa mtaala, CSO, ambaye huzunguka shule za zoni yake akiwaelekeza walimu. Hapo ndipo mtu huzoea kutazama shule nyingi kwa jicho moja.

Hifadhi barua za uteuzi, vyeti vya kozi na ripoti za utendakazi. Andaa pia stakabadhi za uadilifu zinazotakiwa na Sura ya Sita ya Katiba. Kutuma maombi ya kazi ya umma hakulipishwi. Yeyote anayekuitisha pesa ili “akusaidie” anavunja sheria, nawe ukimlipa umeivunja pia.

Mzazi naye ana sehemu yake

Ukiwa na tatizo la chekechea ya umma, nenda ofisi ya elimu ya kaunti. Ikiwa ni mwenendo wa mwalimu wa shule ya umma ya msingi au sekondari, nenda TSC. Ikiwa ni usalama wa bweni, ubora wa masomo au karo isiyo halali, nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa Wizara. Andika malalamiko yako, weka tarehe, na ubaki na nakala. Afisa aliyefunzwa vyema atajua la kufanya na karatasi hiyo, na mwananchi aliye na nakala anaweza kumuuliza amefikia wapi.