Mitambo Miwili, Zamu Moja

Aliyewahi kukesha studio anaijua sheria ya zamu. Watangazaji wawili, kipaza sauti kimoja. Mmoja anasoma, mwenzake yuko nje anamsikiliza. Yule wa ndani akinyamaza ghafla, wa nje aingie. Lakini kwanza ahakikishe kwamba mwenzake kanyamaza kweli, isije ikawa ni spika ya nje tu iliyoharibika. Asipofanya hivyo mtasikia watu wawili wakisoma taarifa ya habari kwa pamoja.

Zile kompyuta za kuhudumia benki, hospitali na vituo vya redio, yaani seva, nazo hufanya zamu namna hiyohiyo. Zinaunganishwa mbili au zaidi, zinaulizana hali kila mara, na moja ikiacha kujibu nyingine inashika kazi. Kwenye seva za Linux, mmoja wa wasimamizi wa mwanzo wa zamu hizo ni programu iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaitwa Heartbeat, maana yake mapigo ya moyo. Jina lilifaa.

Wasimamizi nao huzeeka. Kampuni ya Red Hat, katika toleo lake la 6, iliwatumia cman na rgmanager. Toleo la 7, lililotoka mwaka 2014, likawaacha wote wawili na kuwaweka Corosync, anayesikiliza mapigo, na Pacemaker, anayeamua nani afanye kazi gani. Mzee na mgeni hawafanyi kazi pamoja: huwezi kumwachia mmoja seva hii na mwingine seva ile. Ama uzime zote, ama ujenge kundi jipya pembeni kisha uhamishe huduma.

Matengenezo ya kawaida ya toleo la 6 yalikoma tarehe 30 Novemba 2020. Mwaka uliofuata, kituo kimoja nilichokuwa nikifanyia kazi kikaamua kuhama. Tukampa kijana wetu wa kompyuta usiku mmoja.

Tatizo la kwanza lilikuwa dogo. Msimamizi wa zamani alijua mpangilio bila kuambiwa: diski kwanza, kisha anwani ya mtandao, kisha programu yenyewe. Pacemaker hakisii. Usipomwambia kwamba vitu hivi vitatu vinakwenda pamoja na kwa utaratibu gani, yeye huvigawa ili kila seva ipate mzigo. Anwani ikaenda huku, diski kule. Hilo lilirekebishwa mapema.

La pili ndilo lililotuumiza. Pacemaker, asipobadilishwa, hakubali kuanzisha huduma yoyote mpaka aonyeshwe njia ya kuikatia umeme seva isiyojibu. Wataalamu wameipa kazi hiyo jina la kikatili, maana yake mpige mwenzako risasi ya kichwa. Ukatili huo una sababu. Seva iliyonyamaza huenda haijafa, huenda waya tu ndio umekatika, na ingali inaandika kwenye diski.

Kijana wetu hakuwa na kifaa cha kukata umeme, na matangazo ya alfajiri yalikuwa yanakaribia. Akapata amri ya kuliondoa sharti lile. Akaiandika, huduma zikaamka, tukapeana mikono. Mimi ndiye niliyenunua chai.

Siku ya tisa swichi ya mtandao iliganda kwa muda usiofika dakika moja. Kila seva ikaona mwenzake amekufa. Kila moja ikafungua diski ileile, ambayo imeundwa kuandikwa na seva moja tu kwa wakati mmoja, zikaandika zote. Swichi iliporudi, maktaba yetu ya sauti ilikuwa vurugu tupu. Nakala za akiba zilikuwapo, lakini za miezi mitano nyuma. Katika vilivyopotea kulikuwa na mahojiano yangu na bibi mmoja msusi wa mikeka. Nilimrekodi Februari, akafariki Aprili, na haya yalitokea Mei.

Simlaumu kijana. Waliotaka kazi ya wiki tatu ifanywe usiku mmoja ni sisi wakubwa, na mimi nilikuwamo katika waliopiga kelele kwamba matangazo yasikatike.

Safari ya pili tulijenga kundi jipya pembeni, la zamani likiendelea na kazi. Tukaongeza kompyuta ndogo ya tatu, kazi yake kupiga kura tu, kwa sababu seva mbili zikitengana kila moja ina kura moja na akidi haipatikani. Kifaa cha kukata umeme kikafungwa kwa njia yake, kisipite kwenye swichi ileile inayoweza kuganda.

Kisha, mbele ya mkurugenzi, fundi akachomoa waya za mtandao za seva ya kwanza. Ya pili ikangoja kidogo, ikaikatia umeme mwenzake, ikasubiri jibu kwamba umekatika kweli, ndipo ikafungua diski. Mkurugenzi akashtuka kuona mashine nzima imezimwa kwa makusudi, akauliza kama tumeiharibu. Tukaiwasha, tukachomoa tena. Tulirudia mara sita kabla ya kuhamisha hata sauti moja.