Tope jeusi la mikoko na bwawa lako la samaki

Ukiingia kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, mguu hutoka mweusi na kunuka yai viza. Wengi hudhani ni uchafu. Ni kazi ya bakteria, na mkazi anayepanga kuchimba bwawa la samaki karibu na bahari anafaa kuielewa kabla ya kutafuta vibarua.

Bakteria hao hushikamana kwa ute na kufanya utando mwembamba juu ya chembe za tope na mizizi iliyooza. Humo hamna hewa, kwa hivyo badala ya oksijeni hutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari, karibu gramu 2.7 kwa lita. Wakila majani yaliyooza hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo harufu ile. Gesi ikikutana na chuma kilicholetwa na mito kutoka bara, tope hugeuka jeusi. Baadaye weusi huo huwa madini ya pairaiti, punje ndogo za chuma na salfa zisizoonekana kwa macho. (Vipande vikubwa vya madini hayo hung'aa kama dhahabu, na vimewahadaa wachimbaji wengi.)

Yakibaki chini ya maji, madini hayo hayana neno. Taabu huanza jembe linapoyatoa nje. Hewa huyavunjavunja, bakteria wa aina nyingine wakiharakisha, na hutoka asidi ya salfuriki, ile ya betri ya gari. Kingo za bwawa huota madoa ya manjano na ya rangi ya kutu. Mvua ikinyesha, asidi huteremka majini pamoja na aluminiamu iliyoyeyuka kutoka udongoni, ikaharibu matamvua ya samaki.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua donge la tope kutoka kina unachotaka kufikia, upime pH. Liache penye hewa kwa wiki 8 hivi, likiwa na unyevu, kisha upime tena. Likishuka chini ya 4, tafuta mahali pengine. Chokaa husaidia, lakini penye pairaiti nyingi hutakiwa tani kwa tani.

Mikoko yenyewe ni msitu wa serikali tangu 1932, haikatwi bila idhini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Hata uwanda mtupu nyuma yake huenda umefunika tope la mikoko ya zamani, kwa hivyo pima huko pia, na umwone afisa wa uvuvi kabla ya kuanza kuchimba.