Tiketi Moja ya Kanda: Uenyeji, Kufuzu na Soka la Wanawake la Kariakoo

Kuandaa mashindano ya kimataifa na kufuzu mashindano hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa katika vijiwe vya soka vya Kariakoo, na hata katika kauli za viongozi wa michezo, huchanganywa mara kwa mara kana kwamba la kwanza huzaa la pili. Nchi inayoandaa fainali huingia moja kwa moja bila kupita kwenye mchujo, kama Morocco ilivyoingia katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake mwaka 2022. Lakini nchi inayoandaa mchujo wenyewe, yaani mashindano ya kanda ambayo kwa kawaida bingwa wake tu ndiye hupata tiketi ya fainali, haipati zaidi ya nafasi ya kucheza nyumbani mbele ya watu wake, na ikifungwa hubaki na gharama za kupokea wageni huku mgeni akiondoka na tiketi. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyowahi kuandaa fainali za bara za timu za taifa za wanawake katika soka, kwa hiyo kwa wanawake wa ukanda huu uenyeji umekuwa na maana hiyo ya pili, iliyo ngumu zaidi, na mfano wake ulio karibu kabisa na katikati ya jiji la Dar es Salaam ni ule wa Agosti 2022.

Kariakoo ndiyo makao ya klabu mbili kubwa za Tanzania, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na ofisi zake ziko kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, na kwa miongo mingi klabu hizo zilikuwa za wanaume uwanjani na kwenye vikao pia, hali ambayo inashangaza kidogo ukizingatia kwamba katika mitaa hiyohiyo, miaka ya 1950, vikundi vya wanawake vya ngoma za lelemama ndivyo vilivyokuwa mtandao ambao Bibi Titi Mohamed aliutumia kuwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru. Wanawake wa Kariakoo walijua kujipanga, kuchanga, kushona sare na kushindana hadharani muda mrefu kabla ya klabu za soka kuwafungulia mlango. Mlango huo ulifunguka kwa kuchelewa: Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17, bingwa wake wa kwanza akawa Mlandizi Queens kutoka mkoa wa Pwani, kisha JKT Queens ikatwaa misimu miwili, na ndipo Simba Queens, timu ya wanawake ya klabu ya Msimbazi, ilipotwaa ubingwa mara tatu mfululizo hadi msimu wa 2021/22, huku watani wao Yanga wakiwa na timu yao, Yanga Princess. Mabadiliko hayo yalisukumwa pia na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ambalo kupitia kanuni za leseni za klabu linazitaka klabu za wanaume zinazoshiriki mashindano yake ziwe na timu ya wanawake.

Mwaka 2021 CAF ilianzisha Ligi ya Mabingwa ya Wanawake, mashindano ya timu nane ambayo nafasi zake hugawanywa kwa kanda sita za bara, pamoja na nafasi ya mwenyeji na nafasi ya nyongeza kwa kanda ya bingwa mtetezi. Kwa kanda ya CECAFA, yaani Baraza la Vyama vya Soka vya Afrika Mashariki na Kati, maana yake ni kwamba mabingwa wa Tanzania, Kenya, Uganda, Ethiopia, Rwanda, Burundi na majirani wengine hukusanyika katika jiji moja kwa takriban wiki mbili, wakacheza makundi, nusu fainali na fainali, na mmoja wao tu akaondoka na tiketi. Mfumo huu hauna huruma, kwa kuwa timu iliyotawala nchini mwake msimu mzima huweza kuaga kwa dakika moja ya uzembe katika nusu fainali, na ndiyo maana uenyeji una thamani ambayo haiwezi kupuuzwa: mwenyeji halali ugenini, hali chakula asichokizoea, na hasafiri kwa basi siku mbili kabla ya mechi ya kwanza.

Dar es Salaam ilipokea mchujo huo Agosti 2022 katika Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, uwanja wa klabu binafsi wenye nafasi ya watazamaji wapatao 10,000, ulioko mbele ya Mbagala, mbali na Kariakoo. Simba Queens ilipita makundi, ikaiondoa AS Kigali ya Rwanda katika nusu fainali, na tarehe 27 Agosti ikaifunga SHE Corporates ya Uganda 1-0 kwa mkwaju wa penalti uliopigwa na Vivian Corazone, kiungo kutoka Kenya. Jambo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu Kenya yenyewe haikuwakilishwa: FIFA ilikuwa imelifungia shirikisho la soka la nchi hiyo tangu Februari mwaka huo, na kwa hiyo nchi ambayo klabu yake, Vihiga Queens, ilikuwa imetwaa mchujo wa kwanza mwaka 2021 ilibaki nje, ilhali binti wa nchi hiyohiyo ndiye aliyeipatia klabu ya Msimbazi tiketi ya fainali za Ligi ya Mabingwa zilizofanyika Morocco. Kariakoo, ambayo kwa karne nzima imeishi kwa wafanyabiashara wanaotoka pande zote za maziwa makuu kufuata bidhaa, ilipata taji lake la kwanza la kimataifa la soka la wanawake kwa njia iliyozoeleka kwake, yaani kwa kukusanya walio bora kutoka kwa majirani.

Huko Morocco, kati ya Oktoba na Novemba 2022, Simba Queens ilionyesha kwamba tiketi yake haikuwa zawadi ya uenyeji peke yake, kwani baada ya kufungwa 1-0 na mwenyeji AS FAR ilizishinda Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia, ikaingia nusu fainali, ikafungwa 1-0 na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini iliyokuwa bingwa mtetezi, na kumaliza ya nne baada ya kipigo cha 3-0 kutoka kwa Bayelsa Queens ya Nigeria. Kushika nafasi ya nne barani kwa timu iliyozaliwa katika ligi yenye umri wa miaka sita tu ni mafanikio ambayo hayakusherehekewa mitaani kwa kiwango yalichostahili.

Ukiitazama orodha ya michujo mitano ya kwanza ya CECAFA, picha inayojitokeza ni yenye mafunzo kuliko mechi yoyote moja. Mwaka 2021 mchujo ulifanyika Nairobi na tiketi ikachukuliwa na Vihiga Queens ya Kenya. Mwaka 2022 ulifanyika Dar es Salaam ikachukuliwa na Simba Queens. Mwaka 2024 ulifanyika Addis Ababa ikachukuliwa na CBE ya Ethiopia. Mara tatu kati ya tano, basi, mwenyeji ndiye aliyefuzu. Mara mbili zilizobaki, mwaka 2023 nchini Uganda na mwaka 2025 Nairobi, tiketi ilichukuliwa ugenini, na mara zote mbili aliyeichukua ni JKT Queens ya Tanzania, mara ya kwanza kwa kuishinda CBE kwa mikwaju ya penalti na mara ya pili kwa kuifunga Rayon Sports ya Rwanda katika fainali. Simba Queens, iliyokwenda Addis Ababa mwaka 2024 ikiwa bingwa wa Tanzania tena, ilikwama katika nusu fainali mbele ya Kenya Police Bullets.

Tofauti ya Simba Queens na JKT Queens si ya vipaji, kwa kuwa wachezaji huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na wengi wao hukutana katika timu ya taifa, Twiga Stars. Tofauti iko katika kinachoishikilia timu wakati hakuna mashindano. JKT Queens ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, taasisi yenye uwanja wake Mbweni, yenye ratiba ya mwaka mzima na isiyotegemea kama mashabiki wa timu ya wanaume wamefurahi au wamekasirika wiki hiyo. Klabu ya Kariakoo ina jina, rangi, wanachama na soko la jezi ambalo taasisi ya jeshi haiwezi kulifikia kamwe, lakini timu yake ya wanawake hupokea nguvu hiyo kwa mafungu, baada ya mahitaji ya wanaume kutimizwa. Uenyeji, kwa timu ya namna hiyo, ni mfano wa bidhaa ya mkopo: humwezesha muuzaji kufungua duka, lakini siku ya kulipa hufika, na hufika ugenini.

Mchezo wa raga, ambao Dar es Salaam haujaota mizizi mirefu lakini Kenya na Uganda una timu imara za wanawake, unalithibitisha jambo hili, kwamba uenyeji peke yake hautoshi, kwa ukali zaidi. Raga huchezwa kwa mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi na kuwekwa chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, na huwa na aina mbili kuu, ile ya wachezaji 15 ambayo ndiyo ya Kombe la Dunia, na ile ya wachezaji 7 inayochezwa kwenye Olimpiki. Oktoba 2019, huko Jemmal nchini Tunisia, wanawake wa Kenya walifungwa na Afrika Kusini 15-14 katika fainali ya mchujo wa Olimpiki, lakini wakaenda Tokyo kwa sababu kamati ya olimpiki ya Afrika Kusini ilikuwa na sera ya kutoikubali tiketi ambayo timu hiyo imeipata kupitia mchujo wa bara. Tarehe 25 Agosti 2021, safari hii katika aina ya wachezaji 15, Kenya ikawa mwenyeji wa Colombia katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, mshindi akitarajiwa kuendelea na mchujo wa Kombe la Dunia lililochezwa New Zealand mwaka 2022, na Colombia ikashinda 16-15. Kwa alama moja ugenini Kenya ilishindwa lakini ikafuzu, na kwa alama moja nyumbani ilishindwa na njia ikafungwa. Uwanja wa nyumbani haukutoa hata hiyo alama moja. Mei 2024, mashindano ya Afrika yaliyokuwa na tiketi ya Kombe la Dunia la Uingereza la mwaka 2025 yalifanyika Antananarivo, na mwenyeji Madagascar akamaliza wa pili nyuma ya Afrika Kusini.

Haki inadai kusema kwamba uenyeji umeisaidia Tanzania pia kwa namna ya wazi. Twiga Stars ilirejea Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, baada ya kulikosa tangu mwaka 2010, kwa sababu ya mabao 3-0 iliyoifunga Togo hapohapo Chamazi mwishoni mwa Novemba 2023, akiba ambayo iliiokoa ilipofungwa 2-0 huko Lomé siku chache baadaye. Kwa upande mwingine, Serengeti Girls, timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, ilishinda 4-1 mjini Yaoundé dhidi ya Cameroon mwaka 2022 kabla ya kumalizia kwa 1-0 Zanzibar, na ilipofika India kwenye Kombe la Dunia ikaifunga Ufaransa 2-1 na kuingia robo fainali. Timu ile ya wasichana ilikuwa imeandaliwa, na timu iliyoandaliwa haichagui uwanja.

Hapo ndipo suala linaporudi katikati ya jiji, kwa sababu maandalizi huanza na uwanja ambao msichana anaweza kuufikia kwa miguu baada ya shule, na katika eneo la Kariakoo, Gerezani na Ilala viwanja hivyo ni vya kuhesabika. Upo Uwanja wa Karume, ambako ndiko kwenye makao ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Upo uwanja wa vijana wa Jakaya Kikwete, uliofunguliwa mwaka 2015 eneo la Kidongo Chekundu. Vipo viwanja vya Mnazi Mmoja na vya Jangwani, na hivi vya mwisho humezwa na maji ya Mto Msimbazi kila mvua kubwa inaponyesha, kama ulivyomezwa Uwanja wa Kaunda wa Yanga. Maghorofa ya biashara yamejaza nyua ambazo zamani watoto walichezea chandimu, na kila kipande cha ardhi kilichobaki wazi kina wavulana, wamachinga au magari juu yake. Msichana wa Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Livingstone anayevaa jezi ya Simba Queens au ya Yanga Princess huenda asipate mahali pa kupigia mpira ndani ya mitaa yaliko makao ya klabu hizo.

Kwa hiyo, makubaliano ya uenyeji ambayo TFF na serikali huingia, yawe ya mchujo wa kanda au ya mashindano makubwa kama Kombe la Mataifa la wanaume la 2027 ambalo Tanzania imepangiwa kuliandaa pamoja na Kenya na Uganda, yanapaswa kuandikwa yakiwa na sharti la saa maalumu za wasichana katika viwanja vya umma vya katikati ya jiji, na fungu la kudumu la mashindano ya vijana wa kike chini ya Ligi Kuu ya Wanawake, badala ya kuishia kwenye nyasi mpya, taa na vyumba vya wageni maalumu. Sharti la saa za wasichana halihitaji saruji wala mkopo wa nje, kwani Uwanja wa Karume uko chini ya TFF yenyewe, na kutoka hapo hadi Mtaa wa Msimbazi ni mwendo wa miguu.