Vumbi la Kiangazi: Kwa Nini Miaka Mingine Huzidi?

Wakazi wa Dodoma, Singida na sehemu nyingine za Tanzania ya kati wanaufahamu vizuri mwezi wa Septemba. Nyasi zimekauka, mashamba yako wazi, upepo unavuma mchana kutwa na visulisuli vinazunguka viwanjani. Vumbi huingia machoni, kifuani na hata kwenye chungu cha mboga. Lakini miaka hailingani: mwaka mmoja vumbi ni la kawaida, mwaka mwingine ni balaa. Mwezi huu tutaeleza sababu zake, madhara yake kwa afya, na namna ya kujikinga.

Vumbi huinuka namna gani?

Dhoruba ya vumbi huhitaji mambo matatu kwa pamoja: udongo mkavu uliolegea, ardhi isiyofunikwa na mimea, na upepo wenye nguvu. Likikosekana moja, vumbi huwa kidogo.

Upepo hauanzi kwa kuinua vumbi laini, kwa sababu chembe zake hushikamana. Kwanza husukuma punje za mchanga. Punje hizo hurukaruka na kuugonga udongo kama mchi unavyotwanga kwenye kinu, na kila pigo hurusha vumbi juu. Mchanga huanguka karibu, lakini vumbi laini laweza kukaa hewani siku nyingi. Vumbi la jangwa la Sahara huvuka bahari ya Atlantiki na kufika visiwa vya Karibi.

Hali ya hewa inahusikaje?

Kwanza ni mvua. Dodoma hupata kwa kawaida chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mvua ikiwa haba, nyasi huota chache na mifugo huzimaliza mapema. Hivyo vumbi la Septemba hutegemea sana mvua iliyonyesha miezi mingi kabla yake. Ukame ukirudia miaka miwili au mitatu mfululizo, hata mizizi iliyokuwa ikishika udongo hufa.

Pili ni joto. Hewa yenye joto hunyonya unyevu wa udongo haraka zaidi, kwa hiyo ardhi hukauka mapema hata kama mvua haikupungua sana.

Tatu ni upepo. Katika Tanzania ya kati, upepo wa kusini-mashariki huwa na nguvu wakati ardhi imekauka kabisa. Baadaye, mvua za kwanza zinapokaribia, hewa baridi hushuka kwa kishindo kutoka kwenye wingu la radi na kusukuma ukuta wa vumbi mbele yake. Huko Sudan dhoruba za namna hiyo huitwa habub.

Mafuriko nayo yana sehemu yake. Maji hubeba tope laini hadi kwenye mabonde na maziwa yasiyo na mkondo wa kutokea. Yakikauka, tope hilo huwa unga. Bonde la Bodélé nchini Chad, mojawapo ya sehemu zenye vumbi jingi kuliko zote duniani, lilikuwa zamani sakafu ya ziwa kubwa.

Je, dunia inapozidi kupata joto, dhoruba zitaongezeka kila mahali? Si lazima. Wakati wa ukame mkali wa Saheli katika miaka ya 1970 na 1980, vumbi lililopimwa katika kisiwa cha Barbados liliongezeka sana. Mvua za Saheli zilipoanza kurudi, likapungua. Kwa hiyo jambo la kuangalia ni mvua na uoto wa kila sehemu.

Mkono wa binadamu

Hali ya hewa huleta ukame, lakini sisi ndio tunaoiacha ardhi uchi. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, ukame ulikuta nyanda kubwa zimelimwa na nyasi zake kung'olewa, na familia nyingi zikahama kwa ajili ya vumbi. Hapa kwetu, milima ya Kondoa ilikuwa imeliwa na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Nyasi na miti ikarudi, ingawa kwa wafugaji ilikuwa gharama kubwa.

Madhara kwa afya

Chembe zenye upana chini ya mikroni 10, ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele, hupita puani na kuingia kwenye njia za hewa. Zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Huchochea pumu, kikohozi na mkamba. Watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa moyo au kifua huumia zaidi.

Macho huwasha na kutoa tongo, na nzi hufuata. Trakoma, yaani vikope, huletwa na vijidudu, si vumbi lenyewe. Lakini hupenda sehemu kavu ambako maji ni shida na nyuso za watoto hazioshwi. Wilayani Kongwa, utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuosha nyuso za watoto, pamoja na dawa, hupunguza trakoma kali. Hapahitajiki ndoo nzima: kikombe kimoja cha maji chatosha uso wa mtoto.

Tufanye nini?

– Upepo ukichafuka, ingieni ndani na mfunge madirisha ya upande wa upepo. Ukiwa njiani, funika pua na mdomo kwa kitambaa. Huzuia chembe kubwa, ingawa si zote.
– Funika maji na chakula. Nyunyizia uwanja maji yaliyotumika kabla ya kufagia.
– Usifikiche macho. Yaoshe kwa maji safi. Usitie mkojo wala majani yaliyotwangwa.
– Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani.
– Usichome mabua shambani. Yaache yafunike udongo. Panda miti kukinga upande unakotoka upepo.

Mama mwenye mtoto anayekohoa ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya hatari. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya. Usiseme ni vumbi tu, litapita. Huenda ni nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.